Gia Boksi Niliyomfungia Baba Yako

Ipo Jumamosi moja, mwanangu Upendo, ambayo sijafaulu kuisahau mpaka leo. Wewe kaa kwenye hicho kiti. Mimi niache nisimame, kukaa siwezi. Tangu juzi ulipoingia hapa gereji ukasema, "Shikamoo baba mdogo, nimepata gia boksi mbili za otomatiki, nichagulie ya kuweka kwenye gari la mashindano," sijatulia. Mke wangu, mama yako mdogo, kaniuliza mara tatu kama naumwa. Siumwi! Nakula nusu sahani, nanyanyuka, naenda kuzunguka uani.

Unadhani nachelewa kukujibu kwa sababu ya uzee. Wala. Jibu la gia boksi ninalo. Ninachokizunguka ni kitu kingine, na kinamhusu baba yako na ule mguu wake wa kushoto.

Mimi na baba yako, Godi, tulipata kipaimara siku moja kule Kikwe. Tulipokuwa tunakaribia miaka thelathini yeye alikuwa dereva wa watalii, mimi fundi kwa Mzee Anaeli, hapa hapa Olasiti. Na baba yako alikuwa dereva, mwanangu, usione! Wewe umemkuta na ng'ombe wake wawili, kutwa analalamikia bei ya nyanya. Mimi nimemwona akipita kwenye makorongo na wageni nyuma wamelala fofofo. Aliipenda ile kazi kuliko chakula.

Basi vijana wa mjini wakaanza kushindana kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo, ndani ya shamba moja la kahawa. Mwenye shamba aliwaruhusu. Magari mawili yanasimama sambamba, bendera inashuka, mnakimbia mstari ulionyooka mpaka mwisho, basi. Godi alikuwa na gari la Kijapani la silinda sita, akataka tuling'oe gia za mkono tuweke otomatiki. Alichekwa! "Otomatiki ni ya akina mama wa kwenda sokoni!" Na mimi nilicheka, nakiri. Lakini Godi alikuwa ameona mbali. Kwenye mbio fupi namna ile, ukikosea klachi mara moja tu umekwisha, ila otomatiki iliyochaguliwa vizuri inaondoka vilevile kila mara.

Kuchagua ndiyo ilikuwa kazi yangu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Gia boksi niliipata kwa wauza spea za mtumba, imetolewa kwenye gari kubwa la kubebea familia. Alhamisi nikaifunga. Mzee Anaeli alikuwa na maswali yake matatu kwa gia boksi yoyote ya mtumba. Imetoka gari gani? Lilikuwa likifanya kazi gani? Umefungua sampo? Sampo ni lile karai la chini linamokaa oili, na ukiifungua hakuna kinachojificha. Utaona kama oili imeungua, kama kuna unga wa chuma, kama klachi za ndani zimekwisha. Ni kazi ya nusu siku, ukiosha chujio na kuweka gasketi mpya. Na mimi nusu siku niitoe wapi? Mbio ni Jumamosi, Godi anapita kila baada ya saa moja kuuliza tumefikia wapi, na mimi mwenyewe damu inachemka, nataka kuliona gari likiondoka. Hata tundu la ule mkono wa gia wa zamani, pale sakafuni, nililiziba kwa kipande cha zulia. Nilisema bati nitaweka Jumatatu.

Badala ya kufungua sampo nikafanya wanachofanya mafundi wengi wa hapa kwetu, na wapo wanaofanya hivyo mpaka leo. Nikaipeleka mlimani. Unaijua desturi yetu. Gari likipanda barabara ya Ilboru mpaka juu kwenye migomba bila gia kuteleza, fundi anapiga boneti kofi, anasema gia boksi nzima, mwenye gari anaondoka anatabasamu. Na ilipanda, mwanangu. Ilipanda taratibu, laini kabisa, mpaka nikaanza kuimba peke yangu mle ndani.

Lakini mlima unadai nguvu kidogo kidogo. Mashindano ni kitu kingine kabisa. Pale unakanyaga breki kwa mguu wa kushoto na mafuta kwa mguu wa kulia, injini inalia, na nguvu yote inazunguka ndani ya konveta, lile dude la mviringo lililo kati ya injini na gia boksi. Oili inachemka mle. Halafu unaachia breki ghafla, na kila kitu kinapigwa kwa pamoja. Ilboru haikuniambia lolote kuhusu hayo, na mimi sikuwa na muda wa kujiuliza.

Niliporudi, Mzee Anaeli alikuwa mlangoni anafuta mikono.

"Sampo umefungua?"

"Ndiyo, mzee."

"Umekuta nini?"

"Safi tu, mzee."

Umenisikia, Upendo? Nilisema ndiyo, bila hata kumeza mate. Naye hakuinama kuangalia, maana kwenye gereji yake fundi akishasema imetosha.

Jumamosi Godi alifanya mazoezi ya kuondoka mara mbili, gari likaruka kama alivyotaka, watu wakaacha kucheka. Mara ya tatu alishikilia breki muda mrefu, bendera ilichelewa. Kumbe klachi za ndani zilikuwa zimekwisha, zinateleza, oili ikachemka, ikatoka povu kwenye bomba la kupimia oili, ikamwagikia ekzosi iliyokuwa inawaka. Moto ukapanda kupitia tundu la zulia langu, moja kwa moja kwenye mguu wa kushoto wa baba yako, uliokuwa umekaza breki. Tulimvuta nje, tukammwagia mchanga. Mimi ndiye niliyemvua kile kiatu. Sitakueleza kilivyotoka.

Alikaa hospitali miezi. Na magari ya watalii wakati ule yote yalikuwa ya klachi, na klachi ni mguu wa kushoto. Kazi ya Godi ikaishia pale.

Jumatatu yake Mzee Anaeli aliniita uvunguni mwa lile gari la Godi. Akamulika tochi kwenye boliti za sampo, moja baada ya nyingine, pole pole. Zote zilikuwa na rangi ya kiwandani, hakuna hata moja iliyokwaruzwa na spana. Nikasubiri anizabe kibao. Haki ya Mungu, ningeshukuru. Akasema hivi:

"Kwa gia boksi mbovu ningekusamehe leo leo. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga mbovu. Lakini nilikuuliza, ukanijibu. Kuanzia sasa kila ukinijibu itabidi niiname nikaangalie, na mgongo wangu unaniuma. Nenda kwa Godi ukamwambie kwa kinywa chako. Mimi sitakusemea."

Nilikwenda na chupa ya supu ya mtori mkononi. Nikakaa kando ya kitanda, nikafungua kinywa, na kabla sijasema kitu baba yako akanishika mkono. "Usijilaumu bwana. Spea za mtumba ni bahati nasibu."

Nikaikubali sentensi ile, nikajificha humo, zaidi ya miaka ishirini. Nimekuwa msimamizi wako wa ubatizo nikiwa nimejificha humo. Nimekufundisha kushika spana, nimekula Krismasi ngapi mezani kwenu, na kila baba yako akichechemea kuja kunifungulia geti nilikuwa natazama pembeni. Mzee Anaeli tulimzika hajaniuliza tena. Aliendelea kuinama tu, kila gari nililofunga, mpaka alipoacha kazi. Aisee, lile liliniuma kuliko matusi.

Halafu juzi ukaja wewe, na gia boksi mbili, na Jumamosi yako.

Jana nilikwenda Kikwe. Nilimkuta baba yako anakata majani ya ng'ombe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mpaka boliti zile, mpaka lile "safi tu, mzee". Aliacha kukata. Hakunitukana, wala hakusema amenisamehe, na sijui kama atasema. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ya Upendo umeifungua?"

"Bado."

"Sasa hapa umekuja kukaa kufanya nini?"

Basi nimekuja, mwanangu, na maneno yangu ndiyo haya. Kati ya zile mbili mimi naiona ile ndogo, ya gia tatu. Gari lako ni jepesi, usilibebeshe lile dude zito kwa kuwa tu linatisha kulitazama. Itafutie konveta inayolingana na injini yako, sio ya rafiki yako. Iwekee rejeta yake ya kupoza oili, na bomba la kupumulia tulipeleke mbali na ekzosi. Sakafuni tunachomelea bati, leo, sio Jumatatu. Lakini usiliamini neno langu hivi hivi. Tutafungua sampo zote mbili wewe ukiwa umeinama unaona, na kama zote ni mbovu Jumamosi hupo kwenye mstari, ukinuna nuna. Ukitaka kuzipeleka kwa fundi mwingine baada ya haya niliyokueleza, zipeleke, nami nitakubebea mpaka kwake.

Na siku ukiulizwa umefanya, nawe hujafanya, sema bado. Utaonekana mzembe, watakuchelewesha, watakucheka, na itakwisha jioni ile ile. Mimi niliona aibu kusema bado mbele ya mzee mmoja, na baba yako akalipa kwa mguu wake. Haraka yako ikikusukuma, na najua inakusukuma maana nakuona unavyotikisa goti hapo kwenye kiti, iache ikusukume kwenye spana, isikusukume kwenye ulimi.

Mungu akutangulie kwenye mstari huo, mtoto wa Godi. Akupe gari linaloondoka kwa amri yako na kusimama kwa amri yako, na akurudishe Kikwe ukitembea kwa miguu yako yote miwili, umfungulie baba yako geti. Amina.

Haya, nyanyuka. Lete spana namba kumi.