Epoksi ya Kumwaga na Epoksi ya Kupaka

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile niliyosimama dukani Kariakoo nimeshika kopo mkononi, nikijifanya nasoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimefungua banda langu la useremala hapa Sofu. Elimu yangu ni darasa la saba, na Kiingereza cha darasa la saba unakijua: unazitamka herufi zote na huambulii kitu. Tena nilikuwa na haya. Nikisalimiwa mbele ya watu watatu, nilijibu kwa kunong'ona nikitazama chini.

Kazi iliyonipeleka dukani ilikuwa ya Bi Mwanaidi, mjane wa Chole, kule Kisarawe. Mkorosho wa kwanza aliopanda marehemu mumewe ulikuwa umeangushwa na upepo, naye mjane akaupasulisha mbao. Ubao mmoja mpana ulikuwa na shimo katikati, kina chake vidole vitatu. Alitaka niutengeneze meza. Ndani ya shimo niweke kisu cha mumewe, alichobebeshea miche ya mikorosho, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mzuri kwenye mche, maisha yake yote, kisha nimwage epoksi, ile dawa ya maji inayoganda ikawa kama kioo, ili kisu kionekane. Meza ilikuwa ya binti yake wa mwisho, aliyekuwa anaolewa baada ya wiki tatu.

"Baba yake hayupo wa kumkabidhi," aliniambia. "Basi walau mkono wake uwepo."

Nilimwelewa nilipokishika kile kisu. Mpini wa mti ulikuwa umelika upande mmoja, pale kidole gumba cha marehemu kilipokaa miaka na miaka. Ukikishika, kidole chako kinaingia palepale.

Sasa dukani, binti muuzaji akaniuliza, "Kaka, unataka ya kumwaga au ya kupaka?"

Swali jepesi, mwanangu. Ningesema tu, "Dada, sijui, nina shimo la vidole vitatu," ningekuwa nimemaliza. Lakini nyuma yangu walisimama mafundi wenzangu, wanasubiri. Nikachukua kopo, nikaligeuza, nikatembeza macho juu ya maandishi. Mmoja akasema, "Tulieni jamani, profesa anasoma." Wakacheka. Masikio yakaniwaka moto. Nikamwambia binti, "Hii hii," nikaondoka na kopo la kwanza nililoshika.

Nikarudi bandani. Nikakilaza kisu ndani ya shimo, nikachanganya dawa na kigandishio chake, nikamwaga yote kwa mara moja mpaka shimo likajaa. Kwa muda mfupi ilipendeza, kisu kilionekana kama kimelala ndani ya maji ya chemchemi. Kisha ubao ukaanza kupata joto. Nikaugusa, nikauachia. Ukatoka moshi. Ile dawa ikafanya mapovu, ikageuka njano kama uji uliokaa na maziwa yaliyochacha, ikapasuka kwa kishindo, na ubao nao ukachanika. Kisu sikukiona tena.

Nilikaa siku mbili na patasi nikikichimbua. Bapa likatoka salama. Mpini ukatoka vipande, na pale pa kidole gumba palibaki ndani ya ile njano.

Bi Mwanaidi alipokuja, nilimwamkia, nikamwonyesha, nikamwambia dawa ilikuwa mbovu. Hakupandisha sauti. Alikaa juu ya gogo, akaviweka vile vipande kwenye kanga yake.

"Mwenye duka alikuambia nini ulipomuuliza?"

Nikajitia kufagia makombo ya mbao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwishowe nikamweleza kila kitu, kopo, foleni na kicheko.

"Mimi kusoma sijui," akasema. "Hata jina langu naweka dole. Lakini mikorosho yangu haijafa kwa dawa hata siku moja. Ukungu una dawa yake, mdudu ana dawa yake. Nikiletewa mfuko namuuliza muuzaji, namuuliza bwana shamba, nikifika nyumbani namuuliza na mjukuu. Wananicheka, halafu wananijibu. Wewe umeogopa kuchekwa na watu usiowajua, ukaniunguzia mkono wa mume wangu."

Nikamwomba aniachie ubao niurekebishe, akakubali.

Kesho yake nilirudi kwa yule binti. Foleni ilikuwepo vilevile. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba sijui kusoma kopo lake, anifundishe. Wapo waliocheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba ya kupaka ni nzito na inaganda upesi. Kazi yake ni tabaka jembamba juu ya meza, unene wa sarafu mbili hivi. Ukiijaza kwenye shimo inajipika yenyewe. Ya kumwaga ni nyepesi karibu kama maji, inaganda taratibu, hata siku mbili tatu, kwa hiyo haichemki. Hata hiyo ina kina chake, ukizidi unamwaga kwa tabaka. Fundi mmoja aliyekuwa amecheka akasogea, akauliza, "Na ya nje, inayopigwa na jua?" Kumbe naye alikuwa hajui.

Nikaikata ile sehemu iliyoharibika yote. Ubao ukabaki vipande viwili vyembamba. Nikavilaza sambamba, nikaacha nafasi katikati, nikamwaga epoksi iliyo sahihi, tabaka baada ya tabaka, nikisubiri. Meza ikatoka nyembamba kuliko tulivyokubaliana, lakini safi. Bi Mwanaidi akaipokea siku tatu kabla ya harusi. Nilimuuliza kama nitie bapa la kisu kwenye kazi nyingine ndogo, alitazame.

"Hapana," akasema. "Kitie mpini mpya nimpe binti. Kubebesha miche anajua, alifundishwa na baba yake. Aanze kuuchakaza wa kwake kwa kidole chake."

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuondoka na kopo usilolijua. Kabla hujanunua epoksi, pima kina cha kazi yako, ujue itakaa ndani au juani, na ujiulize una siku ngapi za kusubiri. Halafu mweleze muuzaji hayo yote, hata kama nyuma yako wamesimama watu kumi. Vipimo vya kuchanganya usivikisie kwa macho, na jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Vitu vya watu vinavyokuja bandani kwetu, vingine havina cha pili. Kicheko cha foleni kinaisha ukivuka mlango, ila kile kipande cha mpini kilichobaki ndani ya ile njano mimi nimekaa nacho miaka yote hii.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioona haya kusema "sijui". Na wanaokukabidhi vitu vya marehemu wao, akujalie uwarudishie vikiwa vizima.