Nilipomjibu Fundi Kaaya "Nakupata Vizuri"

Nakumbuka siku moja pale mtaani Sakina, mwanangu, siku ambayo hasira yake haijanitoka mpaka leo, nami ni bibi mwenye wajukuu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili. Kazi yangu ilikuwa kukaa ofisini kwenye redio ya upepo na kuongea na madereva wa kampuni ya utalii waliokuwa porini. Simu za mkononi hazikuwepo.

Kampuni ikanunua boti ya faiba ya kutembezea wageni kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Ililetwa kwanza uani kwetu, juu ya trela, ifungwe redio na antena. Mfungaji alikuwa Fundi Kaaya, mzee wa kanisa, aliyefunga redio za magari yetu yote na hakuna aliyewahi kumuuliza swali. Akafunga alivyozoea: antena juu ya paa, waya wa ethi, ule wa kuishikisha redio ardhini, kwenye bolti ya karibu. Gari ni chuma, ethi inashika popote. Faiba je? Ni sawa na kuufunga waya kwenye ndoo ya plastiki! Bakari, nahodha wa boti, alisema kwa upole kwamba kwao Mwanza waya huo hushushwa mpaka majini.

"Mimi nafunga redio tangu hujazaliwa," Fundi akamkatiza.

Kisha akaingia botini kupima. "Unanipata?" Alikuwa hatua ishirini tu kutoka kwangu, na dirisha liko wazi. Redioni nilisikia mikwaruzo. Sauti yake ilipita dirishani. Nilijua kabisa. Lakini binti mdogo atamwambiaje mzee, mbele ya watu, kwamba kazi yake mbovu?

"Nakupata vizuri sana, baba," nikajibu. Boti ikapelekwa bwawani.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja injini ilimzimikia Bakari katikati ya bwawa, akiwa peke yake, upepo ukamsukuma kwenye matete yenye mamba. Aliniita redioni tangu asubuhi mpaka alasiri. Mimi nilikuwa kitini nakunywa chai, redio kimya, nikajisemea leo Bakari hana shida. Wavuvi ndio waliomwona, wakamvuta mpaka ufukweni.

Alipokuja ofisini sauti ilikuwa imekauka, viganja vimechubuka kwa kupiga kasia kwa kipande cha ubao. Fundi Kaaya akasema, bila hata haya, "Huyu hakubonyeza kitufe."

Bakari akanigeukia mimi. "Dada, siku ile ya kupima, ulimsikia kwenye redio?"

"Hapana," nikasema. "Nilimwonea haya mzee."

"Ukamwonea yeye haya, mimi ukaniachia mamba. Hapo ulimheshimu nani?"

Niliinama nikalia, na hakuna aliyenibembeleza, na walifanya vizuri.

Mwanangu, Fundi Kaaya namkasirikia, tena sana, kwa kiburi chake. Lakini yeye hakujua. Mimi nilijua! Halafu wewe juzi unanisimulia, huku unacheka, kwamba umesaini karatasi ya breki za basi la shule kule Tengeru bila kuzikagua, eti fundi ni mjomba wako, asije akajisikia vibaya. Unacheka nini? Chai ilinipalia kwa hasira.

Sikiliza. Mkubwa mwamkie shikamoo, mpishe kiti, mbebee mzigo wake. Akikuuliza kama kazi yake ni salama, mwambie ulichokiona, hata ukiwa unatetemeka. Atanuna siku mbili tatu, kisha atakula chakula chake kama kawaida. Usimfichie mkubwa kosa ambalo mwingine atalilipia kwa roho yake.

Kesho asubuhi, kabla mtoto hata mmoja hajapanda lile basi, kamwambie mjomba afungue magurudumu mbele yako, uzione breki kwa macho yako. Mungu akupe ulimi usioogopa uso wa mtu, na akuzeeshe ukiwa na usingizi mzuri kuliko wangu. Nenda na baraka zangu.