Mwaka wa Mafuriko Katika Daftari la Wazazi

Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja katika darasa la Python, wasichana watatu, na kompyuta zilizokuwa zikiwaka ni sita. Chuo kiko mjini Garissa. Nilikuwa nikitembea kwenda huko kila asubuhi kutoka Galbet, nyumbani kwa habaryar, dada mdogo wa mama yangu, aliyekuwa amenipa kitanda na maneno mengi. Hakuelewa kwa nini msichana aliyemaliza sekondari akasomee kitu chenye jina la nyoka. Nilimweleza kwamba ni lugha ya kuipa kompyuta maagizo, ili ipitie mistari mingi ya data na kukwambia kuna nini ndani yake. Akauliza, "Na wewe huna macho?"

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa dauni, kama tunavyowaita watu wa sehemu za Kenya zenye mvua. Alikuwa mpole, akitokwa na jasho tangu saa mbili, na stima ilipokatika aliendelea kufundisha ubaoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Muhula wa pili alisema tumechoka na data za nyumba na maua za watu wa mbali. Alitaka data ya kwetu.

Mimi ndiye niliyemtajia zahanati. Ni ya kijijini kwetu, ndogo, kandokando ya Tana, mbele ya Balambala. Aliandika barua, akapata ruhusa, na baada ya wiki kadhaa zikaja picha za kurasa za daftari la wazazi, wanawake waliofika kujifungua, majina yamefunikwa kwa ukanda wa karatasi. Kazi yetu ilikuwa kugawana kurasa na kuziingiza kwenye jedwali. Niliomba kurasa za mwaka wa mafuriko. Nilisema naujua mwandiko wa sista, muuguzi wa zahanati, na huo ulikuwa ukweli. Sikusema kwamba dada yangu yumo.

Nilimpata ukurasa wa tatu. Umri, miaka kumi na tisa. Mimba ya kwanza. Kijiji, chetu. Alifika baada ya adhuhuri, kwa mkokoteni wa punda. Baada ya hapo, hakuna kitu. Uzito wa mama, patupu. Damu, patupu. Uzito wa mtoto, patupu. Matokeo, patupu. Niliandika kilichokuwepo, nikaenda kwenye mstari uliofuata, kwa sababu mwenzangu alikuwa akisubiri kompyuta.

Juma lililofuata tulifundishwa kusafisha data. Mwalimu alieleza kwamba nafasi tupu zinaivuruga hesabu, na njia ya haraka ni kuondoa kila mstari usiokamilika. Akaandika ubaoni agizo moja fupi: dropna. Tukaliandika, tukabonyeza. Mistari ikapungua. Kisha tukachora grafu ya vifo vya wazazi mwaka kwa mwaka, na mwaka wa mafuriko ukatoka salama kuliko miaka yote.

"Safi kabisa," akasema mvulana aliyekaa nyuma yangu.

Nilitafuta umri wa miaka kumi na tisa. Nilitafuta mkokoteni. Hakuwemo. Nikainua mkono, na Kiswahili changu, ambacho kikiwa na haraka hurudi nyumbani kwenye Kisomali, kikatoka hivi: "Mwalimu, hawa wamama tumetoa, wameenda wabi?"

"Wameondolewa kwa sababu taarifa zao hazijakamilika."

"Hazikukamilika kwa sababu walikufa. Sista alikuwa anazuia damu. Angeandika saa ngapi?"

Aliigeukia grafu. "Huo ni uwezekano," akasema. "Lakini tunajuaje?"

"Mmoja ni dada yangu."

Mtu alisema innaa lillaahi. Mwalimu alikaa juu ya dawati la mbele, akaivua miwani yake na kuifuta kwa shati.

"Ningejua," akasema, "nisingelileta daftari hili darasani."

"Mimi nilijua."

Hakunituma. Nilimwomba mwenyewe niende nikajaze kinachoweza kujazwa, naye akaniandikia barua nyingine.

Sista alikuwa bado yupo, amenenepa, nywele zimeanza kuwa na mvi. Tulikaa kwenye benchi la zahanati, tukaipitia mistari mitupu mmoja mmoja. Alikumbuka zaidi ya nilivyotarajia. Huyu alitoka ng'ambo ya mto. Huyu alikuwa na kifafa cha mimba. Huyu alipona, walihamia Bura na mifugo yao. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, nami nikaandika. Tulipofika kwa dada yangu alilifunga daftari.

"Huyo kamuulize mama yako."

"Sista, si ulikuwepo wewe?"

"Nilikuwepo. Kamuulize mama yako."

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba akikatia mbuzi majani. Aliposikia nimetoka zahanati hakuuliza nilienda kufanya nini. Nilimwambia yote, darasa, jedwali, nafasi tupu. Dada yangu alipofariki mimi nilikuwa bwenini mjini, katikati ya mtihani wa kidato cha nne, barabara imekatika, na niliambiwa kwa simu kwamba mama na mtoto wameondoka pamoja, siku moja, saa moja. Nilikuwa nimeishi na habari hiyo miaka yote.

"Hawakuondoka pamoja," mama akasema.

Panga aliliweka chini.

"Dadako aliondoka kabla ya magharibi. Mtoto alikaa. Msichana. Alikaa usiku ule, akakaa asubuhi, akafika alasiri. Boti ya kumpeleka hospitali ilikuwa imeitwa. Tuliambiwa inakuja, inakuja. Mto ulikuwa unapita na miti mizima. Sista alimpa maji ya sukari kwa pamba, na mimi nilimbeba. Sikumweka chini hata mara moja."

"Mbona hukuniambia, hooyo?"

"Ulikuwa na mtihani."

"Baadaye je?"

"Baadaye ulikuwa umeshazoea."

Mbuzi walikuwa wanavuta majani. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na karatasi mkononi, na karatasi ilikuwa na nafasi ya uzito wa mtoto. Mama aliiona. Hajui kusoma lakini aliona ninapotazama.

"Unataka niseme nini?"

"Uzito wake. Kama alipimwa."

"Nani angempima? Alikuwa kama pakiti mbili za sukari. Nilimbeba siku nzima, mikono yangu inajua." Alilichukua panga. "Andika. Ukishaandika usiniulize tena."

Ilifaa ninyamaze pale. Badala yake nikauliza kama dada yangu alimwona mtoto wake. Mama alinitazama kana kwamba nimemrushia kitu. Aliingia ndani, na mpaka naondoka asubuhi yake hakunisemesha. Kwa miezi mingi, nikipiga simu, alimpa baba.

Kazi yetu tuliiwasilisha mwisho wa muhula, mbele ya walimu na wageni wachache. Grafu ilikuwa mbaya sasa. Mwaka wa mafuriko ulisimama peke yake kama nguzo, na chini yake tulikuwa tumeandika kwamba baadhi ya mistari ilijazwa kwa kumbukumbu za watu na mingine haikuwezekana. Mgeni mmoja, mtu mwenye suti, alitupongeza, kisha akauliza kama mwaka ule ungeweza kutolewa, maana unaharibu picha nzima. Mwalimu alijibu kwa heshima kwamba hauwezi. Mgeni akaandika kitu, tukapewa soda. Sikusikia tena habari ya grafu ile kutoka kwa mtu yeyote.

Nilipita vizuri. Lakini sehemu ya pili ya kozi haikufundishwa. Barabara zilikuwa na habari mbaya msimu ule, mabasi yakivamiwa na watu wa dauni wakilengwa, na mke wa mwalimu alikuwa akimpigia simu kila saa ya mapumziko. Tulimwona dirishani akimjibu kwa sauti ya chini. Aliomba uhamisho, akapewa. Siku ya mwisho alipita dawati kwa dawati. Wavulana aliwapa mkono. Alipofika kwangu alianza kuunyoosha, akakumbuka, akauweka kifuani.

"Uendelee," akaniambia. "Usiache."

"Niendelee na nani, mwalimu?"

Alifungua mdomo, akaangalia mlangoni, ambako gari lilikuwa likimsubiri, akasema pole. Wiki iliyofuata tulikuja kama kawaida, saa mbili, tukaketi tukimsubiri mwalimu mpya. Ilipofika saa nne mlinzi alikuja na funguo, akasema ameambiwa afunge.