Sukari Imefika Sericho

Miaka ya sabini, mfanyabiashara wa Isiolo aliyetaka kujua mzigo wake umefika wapi hakujisumbua kwenda posta. Alikwenda kwa Kabale, mwuza chai pale kwenye kizuizi cha polisi, ambapo kila lori la kaskazini lilisimama lipende lisipende. Dereva akishuka na vumbi lake, Kabale alimjazia kikombe, akamuuliza amepishana na nani na wapi. Kabla ya adhuhuri alishajua unga wa nani umekwama Kula Mawe na ngozi za nani zinanyeshewa Merti.

Madereva wote walilijua sharti lake: huulizwa mzigo, haulizwi mtu. Kumuulizia mtu aliye njiani, aliamini, ni kumtafutia balaa. Hata mumewe Guyo, aliyeendesha lori la tajiri Guleid, hakumtaja. Akisikia mzigo wa Guleid umepita Garba Tula, moyo ulitulia, maana mzigo haujiendeshi. Ndivyo alivyompenda mwanamume yule, gunia kwa gunia.

Mvua za 1978 zilikuja na hasira. Guyo alipakia sukari ya Sericho, akaondoka, kukawa kimya. Guleid, ambaye mali yake ikichelewa kidogo tu huacha kazi zote, alishinda kwenye benchi la Kabale akihema. Kabale alimcheka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hali wala halali.

Hatimaye akafika Lokol, dereva wa lori jingine.

"Salaam aleikum, Mama Bisharo," alisema, ingawa yeye alikuwa mtu wa kanisa.

"Aleikum salaam. Sukari ya Guleid?"

Lokol aliangalia chini. "Iko Sericho. Imefika yote."

Kabale alipiga vigelegele barabarani, bila haya. Alimpa Guleid chai ya bure, akafunga kibanda mapema, akaenda kwake Chechelesi kumpikia mumewe kuku. Kikombe cha Lokol kilibaki kimejaa.

Kuku alikuwa bado jikoni wazee wa msikiti walipobisha hodi, Lokol nyuma yao. Lori la Guyo lilipinduka ukingoni mwa mto mkavu uliojaa maji ghafla, likamlalia. Lokol ndiye aliyemkuta. Watu wa huko walimzika, naye Lokol akaihamishia sukari kwenye lori lake na kuifikisha. Habari ya msiba ni ya wazee kuileta, si ya dereva, kwa hiyo alikuwa amekwenda kuwaita.

"Nimepiga vigelegele mbele yako!" Kabale alipiga kelele. "Umeniacha nicheke, Lokol!"

Lokol alikuwa akilia waziwazi. "Mama, uliniuliza sukari."

Kabale alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na Lokol akasimama tu apigwe, mpaka mtoto Bisharo akatoka ndani akauliza baba amefika wapi.