Trekta la Gunvor

Gunvor Sjödin hakuwa mtu wa kumeza hasira. Kwetu huku kaskazini hilo si jambo dogo. Watu wetu wakikasirika hufunga mlango polepole, hubandika kahawa, na baada ya miaka kadhaa ndipo unagundua kwamba hawakusalimii tena. Gunvor alikuambia siku hiyohiyo, mbele ya watu, akikuita kwa jina lako lote. Wahenga walisema hasira hasara. Wahenga hawakuwa na mwana kama Håkan.

Tangu usichana wake hadi alipostaafu, Gunvor alikuwa akipeleka barua vijijini kwa gari, katika barabara ambazo hata sungura huzifikiria mara mbili. Mumewe, Torgny, alifanya kazi katika kiwanda kule pwani, ambako misonobari huchemshwa ikawa karatasi, na maji yanayobaki yakapikwa yakawa pombe ya kuendeshea magari. Yalipotoka magari yanayokunywa chochote, petroli au pombe hiyo au vyote viwili pamoja, Torgny alikuwa wa kwanza kijijini kununua. Lilikuwa gari refu la familia, la kubeba mbwa na kuni na nusu ya nyama ya mawindo, lenye turbo ya kuipa injini nguvu, na magurudumu yote manne yakivuta. Kila alipolijaza tangi alisema, "Naendesha jasho langu mwenyewe." Asubuhi za baridi kali pombe ile haiwaki kirahisi, kwa hiyo usiku walilichomeka ukutani kwa waya wa umeme ili injini ikae na joto. Torgny alipofariki, Gunvor aliendelea kulichomeka kila jioni. Wengine huweka maua makaburini.

Nyumba yao iko juu ya kilima cha Rävbacken. Kutoka kanisani barabara ni tambarare, kisha inainuka ghafla kati ya miti, na katika miezi ya theluji trekta la kusafisha njia hufika linapojisikia. Asiye na gari la magurudumu manne yanayovuta hakai kule juu. Gunvor alilijua hilo, na mwanawe Håkan alilijua pia.

Håkan alikuwa mtoto wao wa pekee, mtu wa ofisini, mpole wa sauti, mwenye kupenda kuanza maneno yake kwa "ni kwa faida yako." Kwa miaka miwili alikuwa akimwimbia mama yake wimbo wa nyumba ndogo mjini, karibu na zahanati, yenye lifti. Gunvor alikuwa akimjibu kwamba lifti ni ya mizigo. Torgny alipokufa gari liliandikwa jina la Håkan, kwa kuwa bima ilikuwa rahisi hivyo, na hakuna aliyefikiri mara ya pili. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ni nani anayemkagua mwanawe kama nguo?

Mwezi wa Oktoba Håkan alikuja akalichukua gari. Alisema linakwenda kwa fundi Ove kubadilishiwa matairi ya baridi na kutazamwa turbo, maana ilikuwa ikipiga filimbi. Wiki zikapita. Kifaa hakijafika, Mama. Kifaa kinatoka nje ya nchi, Mama. Kila Jumamosi alileta mkate, maziwa na kahawa, akaviweka mezani kama anayemlisha mgonjwa.

Sasa, kwetu kijana wa miaka kumi na mitano haruhusiwi kuendesha gari, ila trekta anaruhusiwa. Basi wazazi humnunulia gari la kawaida, fundi akang'oa viti vya nyuma, akaifunga injini isivuke kasi ya kilometa thelathini kwa saa, akaweka ndoano ya kuvutia tela na kutundika pembe tatu nyekundu nyuma. Kuanzia hapo sheria inaliita trekta. Barabara zetu zimejaa matrekta ya namna hiyo, yanatambaa na muziki unaotetemesha madirisha ya watu.

Adhuhuri moja ya Novemba muziki wa namna hiyo ulipanda Rävbacken. Gunvor alitoka na ufagio mkononi, tayari kugomba. Kabla hajaona kitu alisikia filimbi ya turbo, akauegemeza ufagio ukutani. Mlango ukafunguliwa, akashuka mjukuu wake Tuva na keki ndani ya sahani.

"Bibi! Nimekuja kukushukuru!"

"Kwa lipi?"

"Kwa gari! Baba alisema umenipa mwenyewe, kwamba umechoka kuendesha. Nimekuokea na keki, ile ya iliki unayoipenda."

Gunvor alilizunguka gari. Mahali pa viti vya nyuma palikuwa na sakafu tupu na spika mbili. Nyuma palining'inia ile pembe tatu nyekundu.

"Nani kachoka?" aliuliza.

Tuva alimtazama, kisha akaitazama keki yake. "Hakukuambia," alisema polepole. "Bibi, naapa, sikujua. Mimi nilidhani..."

"Wewe huna kosa. Weka keki ndani, uniletee koti langu. Halafu kaa upande wa abiria."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mtoto wangu."

Waliingia barabara kuu. Gunvor alikanyaga mafuta hadi sakafuni. Turbo ikapiga filimbi, injini ikanguruma, na kasi ikabaki ileile thelathini. Gari lililokuwa likiyapita malori ya magogo sasa lilikuwa likipitwa na majani yanayopeperuka. Akakanyaga tena. Hapo machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira tupu. Nyuma yao msururu ulirefuka hadi kwenye kona. Dereva wa lori alipopata nafasi ya kupita alishusha kioo.

"Bibi we, umelala?"

"Nimeamka leo!" Gunvor alimjibu. "Nenda zako!"

Håkan alikuwa jikoni akinywa kahawa walipofika. Gunvor aliingia na viatu vyake miguuni, akapita sebuleni na tope lote. Kwetu hata mwizi huvua viatu mlangoni. Håkan alisimama.

"Mama! Umefikaje?"

"Polepole."

"Vua viatu basi, Mama, tukae tuongee kama watu wazima."

"Watu wazima huiba magari?"

"Sijaiba. Kwenye karatasi gari ni langu."

"Na wewe kwenye karatasi ni mwanangu, Håkan Torgny Sjödin. Karatasi hubeba chochote."

"Nilikuuliza, Mama. Majira ya joto, pale bustanini. Nilisema gari lingemfaa Tuva siku moja, nawe ukavuta pumzi."

Kwetu kuvuta pumzi kwa sauti ni kusema ndiyo.

"Kahawa ilikuwa ya moto, mpumbavu wewe!"

Tuva alicheka kidogo, kisha akajizuia, maana baba yake alikuwa amekuwa mwekundu. Na hapo upole wake ukapasuka.

"Haya! Nilitaka usiweze kukaa kule! Unasikia? Machi ulikuwa mtaroni saa nzima kwenye barafu, na si wewe uliyeniambia, ni Ove. Kila theluji ikianguka nakaa na simu mkononi nikingoja mtu wa kuniambia umekutwa. Nyumba ya mjini imepatikana. Nimeshaitia sahihi. Bila gari ungekubali tu."

Gunvor alivuta kiti akaketi. Kwa muda alionekana mzee kweli. Kuhusu Machi alikuwa amesema uongo kwa kunyamaza, na alijua. Lakini hasira haikumtoka. Ilitulia tu, na ikitulia ilikuwa mbaya zaidi.

"Kumbe hukumpa mtoto zawadi," alisema. "Umenikata miguu, ukaifunga kwa karatasi ya zawadi ukampa yeye."

"Mama, naogopa."

"Basi ungeogopa mbele yangu! Ungekuja ukasema, Mama naogopa, nami ningekutukana, tungegombana hadi jioni, tukamaliza. Wewe umeogopa nyuma ya mgongo wangu, unaniletea maziwa."

"Na mimi umenifanya mwizi, Baba," Tuva alisema. "Nimemwokea keki mtu niliyemwibia."

Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka, nzito na yenye maji. Gunvor aliinuka, akamwambia Tuva kwamba keki inawangoja, na wakatoka. Håkan alichukua funguo za gari lake jipya, la umeme, la kung'aa, akawafuata. Njia nzima aliwamulika taa nyuma ya ile pembe tatu.

Walipofika chini ya Rävbacken barabara ilikuwa nyeupe tayari. Gunvor aliweka gia ya kwanza. Magurudumu manne yakauma theluji, na lile gari refu likaanza kupanda taratibu, bila kutetereka. Hapo alielewa kosa la mwanawe, akacheka kwa sauti. Mtu wa mjini akitaka kulinyang'anya gari nguvu, hulinyang'anya mwendo. Kilima hicho hakuna aliyewahi kukipanda kwa zaidi ya thelathini. Håkan alikuwa ameondoa mwendo wa barabara kuu tu, na nguvu ya kuvuta ilikuwa palepale.

Nyuma yao zile taa ziliyumba, zikaenda kando, zikasimama. Magurudumu ya Håkan yalizunguka palepale yakitimua theluji.

"Bibi, tumwache?" aliuliza Tuva.

Gunvor alilifikiria kwa dhati. Kisha akarudi chini kinyumenyume, akashuka, akafunga kamba kwenye ile ndoano ya tela. Håkan alishusha kioo.

"Mama, mimi..."

"Pandisha kioo. Shika usukani, usikanyage kitu. Ukikanyaga utatuharibia sote."

Akamvuta hadi juu, mbele ya nyumba. Håkan alishuka, theluji ikimjaa nywele, akasimama kando ya gari la baba yake bila kujua mikono aiweke wapi.

"Kesho nitampelekea Ove," alisema. "Alirudishe lilivyokuwa."

"Hulipeleki popote. Tuva nimempa, leo, mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa hiyo sasa una mama juu ya kilima asiye na gari, na utamtafutia jingine kabla ya Jumatatu, la magurudumu manne yanayovuta, na jina litakaloandikwa ni langu."

"Na ile nyumba ya mjini, Mama? Nimekuambia, nimeshatia sahihi."

Gunvor alikuwa ameanza kuifungua kamba. Aliuchomoa mwisho wake kutoka kwenye gari la mwanawe, akautupa miguuni pake.

"Basi hamia wewe," alisema. "Kati yetu wawili, aliyeshindwa kupanda si mimi."