Mama Aliyemsifu Binti kwa Mabwana Wawili

Nilikuwa nachambua maharage na mama anayeongoza shirika letu la Wakatoliki wa mtaa, hapa Butembo. Siku hizi ukitafuta kazi, waajiri huja kwake kuuliza tabia yako. Siku hiyo walikuja wawili kwa ajili ya binti mmoja wa jirani, aliyekuwa ameomba kazi mahali pawili.

Wa kwanza alitoka hospitali moja ya Beni.

"Mama, huyu binti anaweza kuchunga siri ya bagonjwa?"

"Huyu? Aone nini, asikie nini, hapana kusema. Kinywa chake ni kufuli!"

Bwana akatabasamu, akapokea chai. Kabla hajaimaliza akaingia wa pili, wa coopérative ya akiba. Mama, kwa furaha, akarudia maneno yale yale, huku mkono wake ukizungusha ufunguo hewani mbele ya midomo.

Huyu hakutabasamu. "Mama, kwetu kwa caisse, penye feza za batu, mutu mwenye kuona mwizi na kunyamaza, ni mwizi wa pili."

"Mais non, hapana! Anasemaka yote! Yote!"

Bwana wa hospitali akaweka kikombe chini.

Walipoondoka, mama akanigeukia. "Sasa ule mutoto ni muzuri ao ni mubaya?"

Nikaondoa kikombe cha chai.

Jioni binti mwenyewe akapita. "Aksanti, mama. Najua ulinisemea muzuri."

Mama akainamia maharage yake. Nami nikainamia yangu. Hospitali ingetuajiri sisi wawili papo hapo.