Miwani ya Mzee Wangu ya Kuendeshea Gizani

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alipoanza kulaani taa za magari ya watu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumuunga mkono. Si uongo, siku hizi magari yana zile taa nyeupe za kuchoma macho, na dereva wa lori akishawasha zile kubwa hazipunguzi hata umuombe kwa jina la mamake. "Wamelaaniwa hawa!" alikuwa akisema, mkono mmoja usukani, mwingine amekinga uso. Nami naitikia, wamelaaniwa kweli. Ilinichukua miezi kugundua kwamba anawalaani hata watu wa bodaboda wenye kataa kamoja kabovu.

Tulikuwa na duka la maziwa hapa Kapsoya, pembeni mwa mji wa Eldoret, na bado tunalo. Kila siku saa kumi alfajiri tulikuwa tunatoka na pikapu kuelekea upande wa Moiben, tunachukua maziwa kwa wakulima wanaongoja na mitungi kando ya barabara, kisha tunarudi kabla wateja wa chai ya asubuhi hawajaamka. Yeye kazi yake ilikuwa kuendesha. Ameendesha maisha yake yote, malori ya mahindi kwanza, kisha ya mbolea, kisha hii pikapu yetu. Mimi sijui hata kuwasha gari. Nilikuwa naenda kupima maziwa, maana kuna wakulima wengine, Mungu awasamehe, mkono wao ni mwepesi sana kwa maji.

Basi asubuhi moja, giza bado, akaniuliza polepole kama mtu anayeuliza saa, "Mama watoto, kile ni nini pale mbele?"

Kilikuwa punda na mkokoteni. Mkokoteni mzima, umejaa magunia, na mtu ameketi juu.

Nikamwambia ni punda. Akapunguza mwendo, akaupita, na hatukulizungumzia tena. Lakini kuanzia siku hiyo nikawa nasema bila kuulizwa. "Mtu kushoto." "Shimo." "Lori linakuja, shika upande wako." "Sasa twende." Yeye anafuata maneno yangu, na akipishana na gari lenye mwanga mkali anatazama chini, anangoja niseme limepita. Aliniambia kwamba taa zote zimeota nywele, kila moja ina duara la ukungu kuizunguka, na ndani ya lile duara hakuna kitu. Ndani ya lile duara ndimo watu walimokuwa.

Na asiyejua barabara zetu za huku ajue sasa: ikifika saa kumi na moja asubuhi zimejaa wakimbiaji. Vijana wembamba, wasichana kwa wavulana, wengine kwa makundi, wengine peke yao, wanapita gizani hata mlio wa viatu husikii. Kila mmoja ana mama mahali anayemuombea apate mbio za ng'ambo. Nilijua tutamuua mmoja. Nalisema hivi wazi kwa sababu nililijua hivyo hivyo wazi, kila siku, nikiwa nimeketi pale na kipimo changu cha maziwa mapajani.

Sasa mtu ataniuliza, mbona hukumwambia aache? Nilimwambia! Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nilimwambia mara moja, akala ugali siku mbili akiangalia ukuta. Siku ya tatu akasema, "Nikiacha kuendesha, nitakuwa nani?" Nilimuonea huruma, na huruma ndiyo iliyotuponza.

Tukaamua shida ni mng'ao wa taa, na dawa ya mng'ao ni miwani. Ukishaamua hivyo, Eldoret nzima ni miwani. Ya kwanza alinunua kwa mchuuzi mjini, zile za kioo cha manjano ambazo wanasema ni za madereva wa usiku. Mchuuzi alimvisha saa saba mchana, jua la utosi, akamwuliza, "Unaonaje, Mzee?" Nani asiyeona saa saba mchana? Mzee akasema dunia imenawiri. Mimi nilizijaribu nikahisi nimo ndani ya chupa ya mafuta ya kupikia.

Kesho yake alfajiri alikuwa na raha kweli. "Zimekata mwanga! Ona, taa haziniumizi tena!" Akasema hivyo akimpita mkulima aliyekuwa amesimama na mitungi miwili akipunga tochi, tena akiita. Nilicheka mpaka machozi. Tuliporudi nyuma kumchukulia yule mkulima maziwa, nikaona alikuwa ameruka shambani, gumboti moja imebaki kwenye lami. Hapo kicheko kiliisha.

Ndipo nikamvuta hadi duka la macho, la daktari kabisa. Daktari mwenyewe ni msichana mdogo, mpole, ameshika zile za manjano kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mfu. Akatuambia miwani yoyote yenye rangi inapunguza mwanga wote, ule mbaya na ule unaouhitaji, na gizani mtu hana mwanga wa kutupa. Akatuonyesha nyingine ya kioo cheupe, akaiinamisha chini ya balbu ikatoa kirangi cha kijani. Hiyo imepakwa dawa ya kuzuia mng'ao, akasema. Lakini haisaidii kitu kama ukungu uko ndani ya jicho lenyewe. "Kwa hivyo kwanza nimpime Mzee."

Hapo niseme kosa langu, kwa sababu yeye hayuko peke yake katika jambo hili.

Tulikuwa tumeketi kwenye benchi tukingoja zamu, na mlango wa chumba cha kupimia ulikuwa wazi. Ubao wa herufi ulikuwa unaonekana wote. Mimi nimefundisha watoto wa nasari miaka mingi, ninaweza kumfundisha hata kuku kusoma. Mzee aliniangalia, nami nikamwangalia. Sote wawili tulikuwa tunaogopa neno moja tu, lile la "usiendeshe". Nikamwinamia sikioni nikaanza, mstari wa chini, halafu wa juu yake, halafu wa juu ya huo, kwa ule wimbo wa polepole ninaowaimbia watoto. Baada ya robo saa alikuwa amezishika zote. Nilijisikia fahari, wallahi, kama siku ya kufunga shule.

Aliingia akasoma kama mhubiri. Jicho la kulia, safi. La kushoto, safi. Daktari akamwekesha kidevu kwenye mashine, akatazama, akatazama tena, akaandika, akafuta. "Mzee, unasoma vizuri kuliko mashine inavyoniambia," akasema. Alitaka kumtia matone ya kufungua mboni aangalie ndani. Akaeleza kwamba baada ya matone macho yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, hataweza kuendesha mpaka jioni.

"Leo hatuwezi, tuna haraka," nikasema mimi. Si yeye, ni mimi. "Tutarudi wiki ijayo. Kwa sasa mpe hizo za mng'ao."

Yule msichana alirudisha chupa ya matone kabatini. Mficha maradhi kifo humuumbua, nafikiri ndilo alilokuwa akiliwaza, lakini kwa adabu yake hakulitamka. Akamwacha Mzee achague fremu. Alichagua nyeusi nzito. Alipendeza, hilo siwezi kumnyima.

Hatukurudi wiki iliyofuata. Miwani ilipokuja, aliivaa kuanzia kuamka hadi kulala, na usiku wa kwanza akaniambia, "Mama watoto, kesho wewe lala. Maziwa nitapima mwenyewe. Sasa nina miwani."

Ngai, Mungu wangu! Usingizi gani? Nilikuwa nalala macho wazi nikisikiliza pikapu ikishuka hadi lami, kisha kimya, kisha mbwa wa jirani, kisha hakuna kitu. Kila king'ora kilichopita mjini nilikihesabu kuwa changu. Aliporudi nilikuwa nakimbilia mlangoni kabla hajazima injini, naangalia bampa kwanza, ndipo naangalia uso wake. Kila siku alikuwa mzima na kila siku bampa ilikuwa safi, nami sikupata nafuu hata kidogo.

Wiki ya tatu akarudi na kioo cha pembeni, upande wa kushoto, kinaning'inia kwa waya.

"Ni nini hiki?"

"Tawi."

"Tawi gani limeota katikati ya barabara?"

"Mama watoto, wacha maneno."

Nilikichunguza kile kioo. Hakikuwa na jani, hakikuwa na ganda la mti, wala damu hakikuwa nayo. Kilikuwa kimepigwa tu, kwa kimo cha bega la mtu. Siku hiyo nzima redio ilikuwa wazi dukani na kila mteja nilimwuliza habari za Moiben. Mvua hakuna, mmoja akasema. Mwingine akasema mahindi yana viwavi. Hakuna aliyesema mtu ameumia, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuuliza moja kwa moja. Mpaka leo sijui kile kioo kiligonga nini.

Kesho yake nilivaa koti nikaingia garini bila kuitwa. Akaniambia, "Ukija, nyamaza. Sitaki kuambiwa kushoto kulia kama ng'ombe wa kulimia."

"Sawa," nikasema. "Leo hutanisikia."

Na nilimaanisha. Nilikuwa na hasira iliyokuwa imechacha siku nyingi. Nilitaka ashindwe mbele ya macho yangu, kwa kitu kidogo tu, mtungi, nguzo, tuta la barabarani, ili tukifika nyumbani aniwekee funguo mezani na asiwe na la kujibu. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote.

Wakulima aliwapata, kwa sababu kila mmoja alikuwa na tochi na alijua wanakosimama. Tukapakia. Tukageuka kurudi, yeye anaimba pambio puani, ameridhika. Mimi mdomo nimeufunga, mikono nimeikalia.

Mbele kukatokea lori, taa zote juu. Na upande wetu, mbali, kwenye daraja dogo, nikamwona mtu anakimbia, ametugeuzia mgongo. Nilimwona vizuri sana. Nikajiambia, huyu hata Mzee atamwona. Gari halikupunguza mwendo. Nikajiambia, akilipita daraja atamwona. Pambio likaendelea. Nikajiambia, sasa atakanyaga breki, sasa, sasa hivi. Nilikuwa na nafasi ya kusema mara tano. Nimezihesabu tangu siku ile, ni tano.

Mara ya sita nilipiga kelele hata sijui neno gani. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mitungi ikaanguka huko nyuma, lori likapita likitupigia honi, na yule mtu akarukia mtaroni. Kisha kimya, na maziwa yakitiririka.

Akatoka mtaroni mwenyewe, Mungu ni mwema. Msichana, labda miaka ishirini, anachechemea, goti linatoka damu. Mzee alikuwa ameogopa, na mwanamume akiogopa mdomo ndio unaokuwa mkali. Akateremsha dirisha. "Wewe! Mnakimbia gizani bila hata kitu cha kung'aa, mnataka watu wafungwe?"

Msichana alikuwa amesimama mbele ya taa zetu. Alikuwa amevaa kizibao kama cha askari wa trafiki, cha mikanda ya fedha, kutoka mabegani hadi kiunoni, kinawaka mpaka mimi nikakinga macho.

Alijitazama kifuani, kisha akamtazama Mzee, ambaye alikuwa anaendelea kugombeza akiuelekeza uso upande ilikotoka sauti ya maziwa. Msichana akainua mkono akaupunga taratibu. Mzee hakugeuka. Basi akazunguka gari, akaja dirishani kwangu.

"Mama," akasema, bado anahema, "na wewe pia huoni?"

"Naona."

"Uliniona?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshazoea. "Nilikuona toka ukiwa kule darajani."

Aligeuka akaangalia lilipo daraja, akapima umbali ule wote kwa macho, kisha akanirudia. "Na ukanyamaza," akasema.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alifunga goti kwa kitambaa cha kichwa, akaondoka akitembea pembeni kabisa, kwenye nyasi, akigeuka nyuma kila hatua kadhaa.

Mzee alikuwa ameacha kugombeza. Alivua miwani, akaikunja, akaishika. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiniogopa mimi.

"Mama watoto," akasema, "ulikuwa unanipima kwa mtoto wa watu?"

Tulikaa pale mpaka kukapambazuka, kwa kuwa ndani ya gari lile hapakuwa na mtu wa kuliendesha.